Mlango wa Ukurasa wa Mutualite

Watu wenye diploma wana ugonjwa mmoja. Wakiona kitu kinafanya kazi, wanauliza kwanza kimetengenezwa na nani. Kinafanyaje kazi, hilo hawaulizi kabisa. Nimeishi nao miaka mingi, nimewatengenezea simu zao, nimewapigia chapa hata barua zao za kuomba kazi kwenye kompyuta yangu pale Salamabila, na dawa ya ugonjwa huo sijaiona.

Mimi shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi. Sitaki huruma ya mtu. Nilisukuma baiskeli yenye magunia ya mpunga na mafuta ya mawese kutoka Wamaza hadi Kasongo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Kisha nikaenda Salamabila na jenereta ndogo, nikachaji simu za wachimbaji wa dhahabu. Nikajifunza kuzifungua, nikajifunza kuzifunga, nikaanza kuziuza. Kurasa za mtandaoni nazo nilijifunza mwenyewe, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka: nilibonyeza kila kitu mpaka nikajua kila kitu kinafanya nini. Lisansie, yaani mtu wa chuo kikuu, anakaa miaka mitano darasani kuambiwa abonyeze wapi.

Mutualite yetu ni chama cha wana wa Kabambare na Kasongo, walio nyumbani na waliotawanyika: Kindu, Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa, na wengine Ulaya, ambako kila wakipiga simu wanalalamika baridi kana kwamba sisi ndio tuliwapeleka. Kwa miaka mingi tulikutana kwenye kundi moja la simu. Kundi lile lilikuwa soko lisilo na mlinzi. Tangazo la kifo, halafu picha ya mgeni anauza dawa ya nguvu za kiume, halafu mtu wa Kinshasa anauliza nani amekufa, halafu dawa tena. Mara moja msiba mkubwa ulifunikwa na dawa namna hiyo, na ndugu wa marehemu wakafika matangani siku ya tatu, kaburi limekwisha kukauka.

Ndipo komite ya Kasongo ikaamua tuwe na ukurasa wetu wenyewe: rangi zetu, alama yetu, na kila seksioni, yaani kila tawi, ipate ukurasa wake mdogo ndani ya ule mkubwa. Wakatafuta mtu wa kujenga. Wakazunguka, wakauliza bei Bukavu, wakarudi kimya, wakanikumbuka mimi.

Nikakubali. Niliomba kitu kimoja tu: chini kabisa ya ukurasa yaandikwe maneno "Imetengenezwa na", halafu jina langu. Nusu ya simu za Salamabila zimepita mikononi mwangu, lakini zote zimeandikwa jina la kiwanda cha mbali. Jina langu liliandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye kadi ya uchaguzi, na hata pale walilikosea.

Prezida wetu alikuwa direkta wa shule zamani. Anavaa tai hata saa saba ya mchana, kwenye jua la kukausha samaki. Akanijibu, "Jina si tatizo, ndugu. Tengeneza kwanza."

Kikao cha kwanza kilikuwa cha alama. Mimi nilikuwa nimechora suke la mpunga, kijani na manjano, mistari sita, kitu chepesi kinachofunguka hata kwenye simu ya tochi.

"Mpunga ni chakula," akasema prezida. "Sisi tunataka chui. Na chui mwenyewe anakimbia. Mutu akifungua ukurasa, anaona chui anapita."

"Chui wa kukimbia anakula mega, prezida. Mutu wa Wamaza anapanda mlima kutafuta rezo ya simu. Chui akimaliza kupita, mega zimekwisha, na habari hajasoma."

"Basi apite polepole," akasema katibu.

Nilimtazama katibu nikajiuliza nani alimfundisha kusoma, na kama mtu huyo bado yuko huru.

Niliwaacha na chui wao kwenye karatasi, nikajenga ninavyojua. Ukurasa wa Salamabila niliutia weusi nyuma na herufi za manjano, nene, kwa sababu mchimbaji anasoma kwenye jua, kioo kimepasuka, na betri imebaki kidogo. Wa Nyangwe niliupa rangi ya maji ya Lualaba kama yalivyo kweli, ya udongo. Watu wa Nyangwe walinielewa mara moja, komite ikauliza kwa nini ukurasa mchafu. Kwenye wa Wamaza sikuweka picha hata moja. Maneno tu. Ulifunguka kabla mtu hajamaliza kufuta jasho la kupanda mlima.

Lakini kazi yangu ya kweli ilikuwa mlango. Nilitaka wauza dawa wabaki nje, na ndugu waingie bila kuteseka. Nikafikiria jinsi sisi tunavyopokea mgeni anayedai ni wa kwetu. Hatumuulizi karatasi. Tunamuuliza ni mtoto wa kijiji gani, na katika kijiji hicho wanachota maji wapi. Jina la kijiji mtu anaweza kulisikia redioni. Jina la kijito ambako mama yako alikutuma na kidumu, hilo haliko redioni wala kwenye ramani yoyote. Basi mlango wangu uliuliza maswali hayo mawili, nukta.

Ili mlango ujue majibu, ilibidi nijue vijito vyote mimi. Nilitumia kiangazi kizima juu ya pikipiki, kijiji kwa kijiji, na daftari. Nikiwauliza wanaume, walileta viti, wakaanza na kuhama kwa mababu na nani alimnyang'anya nani shamba. Jioni inafika, kijito hakijatajwa. Wanawake walinijibu bila kusimama, na ndoo kichwani.

Mmoja wao aliniuliza, "Papa, unataka kununua mto?"

"Nataka kuuandika tu, mama."

"Andika na mawe yake iko mubaya, watu wanateleza."

Nikaandika na mawe.

Nilipomaliza nilikwenda Kasongo kuwaonyesha komite. Prezida alitaka kuwa wa kwanza kuingia, ndivyo alivyo, hata kwenye mtumbwi wa kuvuka mto anataka kukaa mbele. Akachukua simu yangu, akaandika kijiji cha baba yake, kijiji cha ndani kabisa, upande wa Kabambare. Mlango ukamuuliza maji. Akaandika: Lualaba.

Kutoka kijiji kile hadi Lualaba ni mwendo wa siku kadhaa kwa mguu. Prezida alizaliwa Kindu, alikulia kwenye maji ya bomba. Na mimi, mtu akikosea, nilikuwa nimeweka jibu dogo la heshima: "Ndugu, uliza bibi yako, halafu urudi."

Katibu alilisoma kwa sauti. Sijui kama ni ujinga au ujasiri. Mwenye kutunza sanduku la pesa akaanza kukohoa, akatoka nje kukohoa vizuri.

Prezida akaweka simu mezani taratibu. "Hii swali iko ya kishamba," akasema. "Dunia nzima watu wanaingia na imeli na neno la siri. Sisi tutaingia na mito?"

"Watu wa Salamabila hawajui imeli zao, prezida."

"Watajua. Maendeleo iko kulazimishwa."

Wiki mbili baadaye mpwa wake alifika kutoka Lubumbashi, lisansie wa informatika, viatu vya ncha, kompyuta ndani ya begi lenye mifuko mingi kuliko duka langu. Akapewa kurasa zangu "azisafishe". Akazisafisha: mlango wa mito ukatoka, ukaingia wa imeli, chui akaja, akakimbia. Nilipouliza habari ya jina langu, prezida alinishika bega.

"Tutaweka jina la mpwa wangu, yuko na diploma. Weye tutakushukuru mbele ya watu, kwa mdomo."

Shukrani za mdomo nimepewa nyingi maishani. Sijawahi kuona mahali pa kuzitundika.

Sasa lazima niseme jambo moja, na nitalisema wazi kwa sababu siogopi mtu. Simu ya siku hizi haianzi kazi mpaka uipe imeli. Wateja wangu wa Salamabila na wa vijijini hawakuwa na imeli, na ningewafungulia kila mmoja yake, wangesahau neno la siri kabla ya kuvuka barabara. Hawa ni watu wanaosahau siku waliyooa. Kwa hiyo kila simu niliyoiuza, miaka yote ile, niliianzisha kwa imeli yangu mwenyewe. Simu ikijifunga, wananirudia, naifungua, wanakwenda. Ilifaa. Ni kweli pia kwamba namba na majina ya watu wengi yalikuwa yanajimwaga kwenye simu yangu. Sikuyachungulia. Niliyachungulia mara mbili, na mara zote mbili nilichoka: watu wale wanaandika "Fundi" kwa kila mtu, kuna simu nilikuta mafundi saba.

Je, siku ile prezida aliponinyima jina, nilijua imeli italeta nini? Nilijua. Nilifikiria kumwambia? Nilifikiria, njiani kurudi, mwendo wa nusu saa hivi. Halafu nikakumbuka mkono wake begani kwangu, nikaongeza gia.

Siku ya kuzindua ilikuwa Jumamosi asubuhi, ili Ijumaa ya Waislamu isiguswe wala Jumapili ya Wakristo. Walikodi ukumbi Kasongo, wakatundika shuka ukutani, wakawasha jenereta na mashine ya kuangaza picha. Nilikwenda. Nilikaa nyuma, karibu na dirisha. Chui akapita kwenye shuka, watu wakapiga makofi, akakwama katikati kwa sababu ya mtandao, mguu mmoja hewani, akabaki hivyo.

Chini ya chui zilionekana seksioni na idadi ya walioingia. Kinshasa walikuwa wengi, Lubumbashi pia, Ulaya wamejaa. Wamaza: sifuri. Kabambare penyewe: sifuri. Salamabila: mmoja. Na kwa kuwa alikuwa mmoja, ukurasa ulionyesha picha yake kubwa. Alikuwa mama anayeuza mikate ya mafuta karibu na kituo cha pikipiki, jicho moja limefumbwa kwa moshi.

Prezida alimpigia simu mkubwa wa seksioni ya Salamabila, akaweka sauti ya wazi ili ukumbi usikie.

"Juu ya nini hamuingii?"

"Prezida, inaniambia niko tayari ndani."

"Basi uko ndani."

"Sijaingia bado. Inasema imeli yangu iko na mwanachama tayari. Na mke wangu inamwambia vilevile, na watu wote hapa. Tuko ndani wote, na tuko nje wote."

"Rudia."

"Nimerudia mpaka kidole kimechoka."

Kutoka safu za kati mtu akasema, "Kumbe Salamabila nzima imebaki mama wa mikate." Mwingine akajibu, "Basi yeye njo apewe seksioni, hatagombana na mutu." Ukumbi ukacheka. Prezida hakucheka. Alikuwa amealika wakubwa, walikaa safu ya mbele na chupa zao za maji, na nusu ya mutualite yake ilikuwa imekataliwa mlangoni mbele ya macho yao.

Yule mpwa alikuwa amejikunja juu ya kompyuta. Akainua kichwa, akazungusha macho ukumbini mpaka akanipata. Niseme haki yake: alikuja mpaka nilipokaa, hakupiga kelele.

"Papa, hii imeli iko ya nani?" Akanionyesha. Jina langu na la Salamabila, yameunganishwa.

"Iko yangu."

"Watu wote wa kule wanakuja nayo, na mlango unahesabu imeli moja ni mutu mumoja: wa kwanza ameingia, wengine wamebaki nje."

"Niliwauzia simu, baba."

Prezida alikuwa amemfuata nyuma. Alielewa nusu, na nusu ilimtosha. "Umeiba Kabambare nzima," akasema, "ukaiweka mfukoni."

"Haikuibiwa, prezida. Imehifadhiwa."

"Nitakushitaki. Na Salamabila watajua fundi wao iko mwizi."

Nilikwenda pale kucheka, na sasa jina nililotaka liandikwe lilikuwa karibu kuandikwa kwa neno ambalo kule Salamabila halifutiki. Mtu akiitwa mwizi pale, hata mkewe anapunguziwa watu wa kumsalimia. Lakini prezida alikuwa amesahau kwamba simu ilikuwa bado wazi mkononi mwake. Sauti ya mkubwa wa seksioni ikatoka:

"Mwizi nani, fundi? Prezida, fundi tunamujua. Hata hii simu ninasemea, yeye njo aliiwasha. Fungueni mlango kwanza, jua inatuchoma."

Mpwa akasema polepole, "Mjomba, hata tukimushitaki, haisaidii. Akitupa neno la siri, wataingia wote kama mutu mumoja. Mlango wa imeli hauwezi hapa. Inafaa turudishe mlango wa papa."

Katika ukumbi ule wote, alikuwa mtu wa pekee mbali na mimi aliyeelewa kilichotokea. Ilinikera kwamba ni lazima awe na diploma.

"Mlango ninao," nikasema. Nilikuwa nao kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ndani ya pochi. Mimi si mtu wa kutupa kazi yangu. "Mnajua nilichoomba."

Prezida alitazama safu ya mbele. Wakubwa walikuwa wameanza kuangalia saa. Akanivuta pembeni, karibu na jenereta, ili watu wasisikie.

"Jina tutaweka," akasema. "Tutaandika 'Injenia', halafu jina lako."

"Mimi si injenia."

"Ninajua. Njo maana. Watu wa Ulaya watasoma pale. Watasema nini wakisikia ukurasa wetu umejengwa na mutu wa mwaka wa nne wa msingi? Sisi ni watu wa heshima. Ninakupa cheo bure, ndugu, wengine wanakisomea."

Nakiri neno lilikuwa tamu. Nililizungusha mdomoni kimya, mara moja, na jina langu nyuma yake. Lilikaa kama kofia ya mtu mwingine. Nikafikiria mchimbaji anafungua ukurasa mweusi wa Salamabila, anashuka mpaka chini, anasoma "Injenia" na jina langu. Angesema nini? Angesema: kumbe kuna injenia wa Bukavu ana jina kama la fundi wetu. Ningekuwa nimejengea mtu asiyekuwepo.

"Andika fundi," nikasema.

Katibu alikuwa amejipenyeza. "Fundi iko wa viatu," akasema.

"Na weye umekuja miguu mitupu?"

Prezida akasema bila cheo hakuna jina. Nikasema bila jina hakuna mlango, nikakaa tena kwenye kiti changu karibu na dirisha. Chui alikuwa bado na mguu wake hewani. Mkubwa wa seksioni akapiga tena, na baada yake wa Wamaza, kutoka mlimani, akisema amepanda na watu wazima wa kijiji na sasa wanateremka. Hiyo ndiyo iliyomvunja prezida, nadhani. Siyo huruma, hana huruma. Aliogopa kwamba wakiteremka hawatapanda tena, na uchaguzi wa komite ulikuwa karibu.

"Fanya," akamwambia mpwa wake, bila kunitazama.

Nilimpa mpwa kadi. Aliweka mlango mahali pake, akamwondoa chui bila kuambiwa na mtu, kisha akashuka mpaka chini ya ukurasa, akafuta jina lake mwenyewe, akaandika: Imetengenezwa na fundi, halafu jina langu lote, na la baba yangu. Alinigeuzia kompyuta nihakikishe. Tangu siku ile namdharau kidogo kuliko wengine.

Wakaanza kuingia. Kila aliyeingia, kijiji chake na maji yake vilitokea kwenye shuka, kimoja chini ya kingine, vijito vile nilivyoviandika juu ya goti kiangazi kizima. Ukumbi ulikuwa na kelele, kisha ukawa na kelele kidogo, kisha watu wakawa wanasoma tu. Mzee mmoja wa safu ya mbele, mwenye chupa ya maji mkononi, aliona cha kwao, akamgusa jirani yake, akamwonyesha kwa kidevu. Prezida mwenyewe alikuwa amegeukia ukutani na simu sikioni. Alikuwa anamnong'oneza shangazi yake wa kijijini, anauliza wanachota wapi.

Ukurasa ule unafanya kazi hadi leo. Misiba haizikwi tena chini ya dawa. Watu wa Shabunda na wa Kibombo wamekuja kutaka wajengewe wa kwao, nao wameanza kubishana kama wanyama wao wakimbie au waruke. Prezida alichaguliwa tena, kwa sababu watu wetu hawajifunzi, na kila anaponikuta na wageni hunishika bega akisema, "Huyu njo injenia wetu."

"Fundi," namwambia, mbele ya hao hao wageni.

Anakasirika mpaka tai inasogea. Mwezi uliopita alinikuta na wageni wa Kindu, akalisema tena lile neno, na mimi nikamsahihisha tena, polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto.